Namna ya Kuwa Bingwa wa Neno la Kale Bila Kufungua Kamusi

Kila kijiji kina bingwa wake wa maneno. Msibani ndiye anayeulizwa kwa nini mlima ule umeitwa vile. Harusini hushika kipaza sauti na kufafanua maana ya jina la ukoo wa bwana harusi, huku wenye ukoo wakiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Halipwi hata senti, lakini akifika huletewa kiti.

Kama umewahi kukitamani kile kiti, sogea karibu tuongee. Kazi hii haina ada, haina mtihani wala cheti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nasi ndiyo maana tunaipenda: tuna haraka.

Tuseme uko Rungwe Mpya, nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kasulu. Ni jioni, mbele ya duka. Maharage yameshapimwa, lori limeshaondoka, watu wana hela kidogo mfukoni na hawana pa kwenda. Hadhira yako ndiyo hiyo. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua neno lililokufa nusu

Neno lililo hai usiliguse. Kila mtu analitumia, kwa hiyo kila mtu atakukosoa. Lililokufa kabisa nalo halina faida, maana hakuna atakayejali. Tafuta lililo katikati, ambalo likitajwa watu hutikisa kichwa taratibu bila kuwa na hakika wanatikisa kwa sababu gani.

Kwa Kasulu na Kibondo usihangaike. Chukua manamba. Vijana wamelisikia, watu wa makamo wamelisahau, na wazee wanalijua mno. Hao wa mwisho ndio hatari, tutawafikia katika hatua ya 9.

Hatua ya 2: Jifunze ukweli, lakini kidogo tu

Uongo mtupu haupiti. Unahitaji ukweli kiasi cha kuufungulia njia, na huu hapa, nimekuandalia.

Manamba waliitwa watu walioandikwa kwa mkataba kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, hasa ya mkonge, enzi za Mwingereza. Mtu aliandikishwa huku kwetu, akapewa namba, akafikishwa kwenye reli, akateremshwa mbali na kwao. Tangu siku hiyo karani hakuwa na haja ya kulijua jina la baba yake. Alimwita namba. Wakiwa wengi, ndio manamba. Walipelekwa Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, kokote ambako mkonge ulikuwa unangoja kukatwa.

Kwa nini watu wa Buha, nchi hii ya Waha? Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na huku zao la kuleta fedha lilikuwa haba. Serikali ya kikoloni nayo haikuwa na haraka ya kulieneza, kwa sababu mtu mwenye kahawa yake haendi kukata mkonge wa mwenzie. Miaka ya 1930 watu wengi wa huku walihamishwa na kukusanywa kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale, wakaacha mashamba yao ya zamani yawe pori. Wenye mashamba ya mkonge kwa upande wao walimpenda mtu wa mbali. Kibarua wa jirani akichoka hurudi kwake kupalilia mihogo. Wa Kasulu angerudije, na reli peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma inapita kilomita 1,200?

Ishia hapo. Ukizidi kusoma utaanza kuwa na mashaka, na mtu mwenye mashaka haletewi kiti.

Hatua ya 3: Lipeleke neno ng'ambo

Kwamba manamba limetokana na namba, ile tuliyoichukua kwa Waingereza, ni kweli tupu, lakini ni kweli fupi mno. Haimalizi hata kikombe kimoja cha kahawa. Neno lenye hadhi lazima litoke mbali.

Wengi hukimbilia Kiarabu. Wewe usikimbilie huko, kuna foleni. Una bahati ambayo mtu wa Tanga hana: katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wabelgiji waliiteka Kigoma na kuikalia Buha, wakaondoka mwaka 1921 walipowaachia Waingereza. Basi sema polepole kwamba wakubwa wa Wabelgiji walizungumza Kifaransa, na kwamba Kifaransa kina neno *nombre*. Kisha nyamaza, tazama mbali, kunywa kahawa. Usidai chochote. Waache wasikilizaji wadai wenyewe, maana mtu hulitetea zaidi wazo analodhani ni lake.

Akitokea mbishi, mlainishe kwa mifano ya kweli. Mwambie shule ni neno la Kijerumani. Mwambie hela ni ile sarafu ya Wajerumani, waliyoanza kuitumia hapa mwaka 1904, na kwamba dola yao imekufa lakini jina la sarafu yao tunalidaiana mpaka leo. Mwambie meza, leso na bendera ni za Wareno. Akishakubali matano ya kweli, la sita litapita katikati yao kichwa kikiwa juu.

Hatua ya 4: Taja kamusi isiyofunguka

Bingwa hasomi kamusi, anazitaja. Lakini chagua kwa akili. Usithubutu kutaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Iko shuleni. Mwalimu anaweza kumtuma mtoto, na mtoto akarudi mbio.

Taja ya Krapf, ya mwaka 1882. Ukitaka kummaliza mtu kabisa, taja ya padri Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939. Hakuna atakayeipata, na atakayeipata atakuta imeandikwa kwa Kifaransa. Sema tu: "Sacleux analigusa." Hujasema analigusa vipi, hujasema analigusa wapi, na dhamiri yako inalala usingizi mnono.

Kuna kitabu kimoja tu cha kuogopa. Mwaka 1983 kilitoka kitabu cha Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago kuhusu vibarua wahamiaji wa mashamba ya mkonge, na humo Sago ameiandikia Kigoma sura nzima, akionyesha jinsi mkoa ulivyogeuzwa hodhi la kuchotea nguvukazi. Mtu akikitaja, dakia haraka: "Rodney! Yule wa Ulaya kuifukarisha Afrika!" Hicho ni kitabu kingine, cha mwaka 1972, lakini kila mtu amekisikia, mazungumzo yatahamia huko yenyewe, nawe utakuwa umevuka.

Hatua ya 5: Usichanganye Silabu na silabi

Hapa ndipo mabingwa wengi wachanga walipoangukia, kwa hiyo tega sikio.

Silabu ilikuwa ofisi. Wenye mashamba ya mkonge waliianzisha mwaka 1944 kwa kazi moja: kutafuta vibarua, kuwaandikisha, kuwasafirisha na kuwafikisha. Jina limeshonwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkonge, kazi na ofisi. Halihusiani na ba, be, bi, bo, bu.

Sasa, mbele ya duka kutakuwa na mwanafunzi. Atauliza kama Silabu ndio walioleta silabi. Usimcheke, wala usimsahihishe. Mwambie, "Mdogo wangu, hapo umegusa penyewe." Atafurahi, na kesho atakuwa mwanafunzi wako wa kwanza. Bingwa asiye na mfuasi ni mtu anayeongea peke yake barabarani.

Hatua ya 6: Tia tarakimu

Tarakimu huzima ubishi. Mtu anaweza kubishana na maoni yako, lakini ukisema 62 atakaa kimya. Si 60, si "kama sitini hivi". 62.

Uzuri ni kwamba hii 62 ni ya kweli. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ikaiua karibu yote. Iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na ilikuwa miche 62. Kutokana na hiyo likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa katani, hata mwaka 1964 mavuno yakapita tani 200,000.

Isimulie hiyo, kisha ongeza kwa sauti ya chini kwamba miche ilihesabiwa mmoja mmoja ikabaki mkonge, watu walihesabiwa mmoja mmoja wakabaki namba. Hiyo ni ya kwako, nakupa bure. Usiseme umeitoa kwangu.

Hatua ya 7: Ukikwama, mwite Livingstone

Itafika mahali huna la kusema na kikombe bado kina kahawa. Kila bingwa wa Kigoma ana mtu wa akiba kwa saa kama hiyo: David Livingstone, Mskoti, aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Hana uhusiano wowote na manamba. Alifariki mwaka 1873, miaka 20 kabla mche wa kwanza wa mkonge haujagusa udongo wa Pangani. Lakini tangu lini hilo likamzuia mtu? Mtaje, watu watatikisa kichwa, nawe utakuwa umepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Hatua ya 8: Mpandishe cheo babu yako

Hii ni hatua tamu kuliko zote, na hutahitaji kufundishwa sana kwa sababu wenzako wote wameshaifanya.

Sikiliza wajukuu wanavyosimulia. Babu wa huyu alikuwa mnyapara. Babu wa yule alikuwa karani. Wa tatu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, ambayo watu wa mashambani waliiita hivyo miaka mingi kabla ya ugonjwa kuja kulichukua jina. Wa nne alikuwa dereva wa bwana shamba. Ukiwasikiliza wote mpaka mwisho, utagundua kwamba mashamba ya mkonge yalijaa wanyapara, makarani, mafundi na madereva watupu. Nani alikata majani, haijulikani. Yalijikata.

Usiwalaumu. Neno lenyewe liliharibika njiani. Pwani likawa tusi: kumwita mtu manamba ni kumwambia ametoka bara hana kwao, nguo zake chafu, Kiswahili chake kibovu. Mtu akitumwa kazi asiyoipenda hujibu, "Kwani mimi manamba wako?" Aliyerudi Buha akiwa na shuka, baiskeli na maneno mapya ya pwani alitaka asimuliwe kwa vile alivyorudi navyo. Neno lililompeleka akalificha chini ya kitanda pamoja na viatu vilivyochakaa.

Kwa hiyo wewe nawe jitengenezee babu. Nakushauri awe mnyapara mwenye huruma. Karani ana ubaya wake, kwa sababu atatokea mtu kuuliza alisomea wapi. Mnyapara mwenye huruma hana ushahidi unaohitajika, na anawafurahisha wote: alikuwa mkubwa, na bado alikuwa mwenzetu.

Hatua ya 9: Jua pa kukimbilia

Utabanwa. Jiandae na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ngeli. Mtu akikutoa jasho, mkatize umuulize: mmoja ni namba au ni manamba? Watu husema "yule ni manamba" na "wale ni manamba", mmoja na wengi sawasawa. Hilo litawachukua robo saa, watagawanyika makundi mawili, na wewe utabaki mwamuzi.

Mlango wa pili ni Nairobi. Mjini kule manamba ni kijana wa matatu, anayening'inia mlangoni akiita abiria, yule ambaye Dar es Salaam angeitwa mpiga debe. Sema, "Na ukifika Kenya maana inageuka kabisa." Ni kweli, na inakufanya uonekane umesafiri hata kama mwisho wako ni stendi ya Kasulu.

Mlango wa tatu ni wa kutokea nje, nao ni wa siku atakapokuja bibi.

Bibi huyo huwa haonekani mpaka umefika kwenye sehemu nzuri. Amekaa pembeni na kikapu chake, umemdhania amesinzia. Umemaliza Wabelgiji, umemaliza Sacleux, babu yako ndiyo kwanza amemhurumia kibarua mgonjwa. Ndipo anauliza, bila kuinua uso:

"Mjukuu wangu, tita moja lilikuwa na majani mangapi?"

Hujui. Hukujiandaa kwa majani, ulijiandaa kwa Kifaransa.

"Majani 30," anajijibu mwenyewe. "Ukihesabu 29, mnyapara wako huyo mwenye huruma anakata siku."

Kisha anatoa kwenye kikapu bahasha ya plastiki iliyokunjwa mara nyingi, na ndani yake kuna kadi ya kazi ya marehemu mumewe, ile iliyoitwa kipande. Ni kadi ya kawaida, imelainika kwenye mikunjo mpaka inakaribia kuachana. Ina visanduku vya siku 30. Siku mtu aliyomaliza kazi aliyopimiwa, karani aliweka alama. Siku asiyoimaliza, hata kama alichomwa na miiba kuanzia alfajiri, kisanduku kilibaki kitupu na siku ile ikahesabiwa haikuwapo. Visanduku 30 vikijaa ndipo mshahara unatoka. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Ulirefuka kadiri ya homa yake, mvua na ubaya wa karani. Kwenye kadi ya bibi kuna namba juu, kwa wino uliofifia. Bibi anaisoma kwa moyo, bila kuitazama, kama mtu anayetaja jina la mume wake.

Hapo usijaribu chochote. Usitaje ngeli, usitaje Nairobi. Livingstone hatakufaa. Sema, "Shikamoo bibi," pokea marahaba yako, kumbuka ghafla kwamba umeacha mbuzi nje, na uondoke. Kiti mwachie yeye.

Hatua ya 10: Fahamu muda uko upande wako

Usivunjike moyo kwa aibu ya bibi mmoja. Hesabu zinakupendelea. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na wakati huo nyuzi za viwandani zilikuwa zimeshaanza kuliua soko la katani. Biashara ya kuandikisha watu Kasulu na Kibondo ikawa historia. Kijana aliyepanda reli na miaka 20 katikati ya miaka ya 1950 leo amevuka 85, kama bado yupo. Wengine hawakurudi kabisa. Walioa hukohuko, na wajukuu zao wapo Korogwe na Muheza, wakiitwa Waha na watu ambao hawajui Buha iko upande gani.

Kwa hiyo mbinu zangu zote tisa zina tiba moja ya kuzivuruga: mtu aliye hai anayekumbuka majani yalikuwa mangapi. Wapo, lakini wanapungua kila masika. Bahasha za plastiki nazo zinatupwa siku nyumba inaposafishwa baada ya matanga, kwa sababu hakuna anayejua kile kikaratasi kilikuwa cha nini.

Ukitaka kudanganya kwa raha, subiri. Miaka michache tu, na mbele ya duka hatabaki wa kukuuliza swali. Utasema *nombre* mpaka usiku, kiti kitakuwa chako, na babu yako mnyapara ataingia kwenye vitabu.

Ukitaka kujua, usisubiri. Nenda kesho asubuhi, beba sukari, na umuulize mzee wako namba yake ilikuwa ngapi.